Mbuzi Wangu Hawajengi Ghorofa ya Tano

S.L.P. 2217,
Nyeri.
14 Agosti 2025.

Mpendwa Tata Monicah,

Pokea salamu kutoka kwangu, Watiri, mtoto wa kaka yako Wambugu. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Tacoma, Marekani, wewe na Anko Ben na Munene. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia wale wazee unaowainua vitandani kazini wamekuumiza tena. Nakuombea upone, na ninasema kweli, kwa sababu yanayofuata si matamu, nami nisingependa uyasome ukiwa na maumivu mengine.

Sisi huku tu wazima. Baridi ni ile ya Agosti unayoijua, mlima haujaonekana wiki ya pili sasa. Baba anakohoa kidogo lakini shambani anaenda. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini.

Ndoa yangu, Tata, ni tamu. Leo ni miezi mitatu na siku kumi na tisa. Nahesabu, nicheke ukitaka. Ngatia hulala na penseli sikioni kwa kusahau, nami huitoa polepole asiamke. Nyuma ya risiti za sukari ananichora sura yangu. Kila asubuhi, kabla sijaenda dukani kuuza dawa za mifugo, nakuta viatu vyangu amevipanga karibu na jiko vimepata joto. Sikujua mwanamume anaweza kufikiria miguu ya mtu namna hiyo. Nikitembea mjini naona kila mtu anajua, kutokana na uso wangu tu, kwamba nimevaa viatu vyenye joto.

Ndiyo maana nimekukasirikia. Ni hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa nyumbani, na sitaificha ndani ya salamu.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Nilipiga mara nne. Mara mbili ulikuwa kazini, mara moja mtandao ulikatika, na mara ya nne ulinicheka. Halafu wewe husikiliza maneno ya watu huku ukikaanga vitunguu. Karatasi utaisoma ukiwa umekaa. Shiro, binti wa Tata Wacera, anasafiri Jumamosi kuja kuanza chuo huko kwenu, na nimemwapisha akupe mkononi.

Nianze na siku ya ruracio, Novemba mwaka jana, watu wa Ngatia walipokuja kwetu kupanga mahari. Hukuwepo kwa mwili. Ulikuwa ndani ya simu ya Mama, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai katikati ya meza, na ulizungumza kuliko waliokuwepo. Wazee walitaka kukubaliana kwa mdomo kama ilivyozoeleka. Ukakataa. Ukasema liletwe daftari gumu. Ukataka iandikwe mbuzi ni wangapi, wangapi wanakuja sasa na wangapi baadaye, blanketi ni za nani, tangi la maji ni la lita ngapi, na wakikosana nani atamwita nani. Wajomba wa Ngatia waliangalia viatu vyao kwa aibu. Ngatia alikuwa ameshika kalamu akisitasita, na sauti yako ikatoka pale kwenye chupa ya chai:

"Kijana, andika jina lako hapo chini. Kalamu haiumi!"

Nyumba nzima ilicheka. Ngatia alicheka pia, akaandika polepole kama mtu anayechora. Nilimpenda upya siku ile. Na wewe pia nilikupenda, kwa sababu nilijua unanipigania.

Mwezi uliofuata ukamwambia akuchoree nyumba za kupangisha kwenye ploti yako ya Skuta. Ghorofa nne, kila ghorofa nyumba nne. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Msanifu majengo aliyepata muhuri wake mwaka uliotangulia, apewe kazi kubwa hivyo na shangazi yangu! Nilijiona kama mimi ndiye niliyemletea bahati.

Ngatia hakuanza kuchora. Alianza kuandika. Sikujua kwamba kazi ya msanifu huanzia hapo, kabla ya mstari wa kwanza. Huandika barua ya makubaliano: nitakufanyia hiki, hiki sitakufanyia, mhandisi wa nguzo na vyuma utamlipa mwenyewe. Ada yangu ni kiasi fulani cha gharama ya ujenzi, na utailipa kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda, michoro ya kwanza, michoro ya kaunti, michoro ya mafundi, na mwisho kusimamia ujenzi. Huandika pia kwamba mchoro ukibadilishwa bila yeye kukubali kwa maandishi, anaweza kuondoa jina lake, na michoro isitumike tena. Zilikuwa kurasa nne. Alinieleza kwamba watu wakikosana kwenye ujenzi, mara nyingi hakuna mwizi, ni kwamba kila mmoja alidhani lake. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia midomo yake tu. Sasa nimesikia.

Alikutumia barua hiyo Januari. Ulijibu kwa sauti ya dakika tatu, na ninayo bado.

"Ati asilimia sita? Nyumba ni kumi na sita, kwa hivyo anataka moja iwe yake hapo ndani? Watiri, mwambie huyo wako akae kwake! Na tangu lini mtu anaandikiana na mtoto wa nyumbani? Hiyo kazi ni zawadi yangu ya harusi yenu."

Anko Ben anasikika nyuma akicheka.

Tata, hakuna mtu aliyetaka chumba chako. Asilimia ile ni malipo ya kazi ya mwaka na zaidi, si mlango kwenye jengo. Ungeuliza, ungeelezwa. Na hii ni zawadi ya aina gani, ambayo anayepewa ndiye anayekesha na rula, na anayetoa ndiye anayebaki na jengo? Mbona mbuzi uliwaandika? Ngatia hakuwa mtoto wa nyumbani wakati ule? Au alikuwa mgeni wa kudaiwa sahihi siku ya kuleta mbuzi, na akageuka mtoto siku ya kupokea malipo?

Hata hivyo hakukukasirikia. Alikata ada ikawa nusu, akaacha masharti mengine yote kama yalivyokuwa. Akachapisha nakala mbili, akatia sahihi zote mbili, akazifunga kwenye bahasha ya kaki ili uzipate mkononi ukija harusini.

Hapa pana kosa langu, na nitaliandika lote ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Ile Ijumaa kabla ya harusi ulikuwa saluni pale mjini, nywele zikikaushwa. Ngatia alikuwa anakimbilia suti yake, akanipa bahasha nikuletee. Nilifika nayo mpaka mlangoni. Ukaniona kwenye kioo, ukanyoosha mikono yote miwili, ukasema, "Kuja hapa, bibi arusi wangu." Nikaogopa. Niliona ukisoma zile asilimia tena utakaa kanisani umevimba, na kwenye kila picha yangu nitakuwa na shangazi aliyevimba. Nikaificha bahasha ndani ya boksi la viatu vya harusi, chini ya karatasi nyororo. Jioni Ngatia akaniuliza. Nikamwambia umeipokea, na umesema utaisoma kwenye ndege.

Kwa neno langu hilo moja, mume wangu alipeleka michoro kaunti. Mei ikaidhinishwa, muhuri wake chini ya kila ukurasa. Juni mafundi wakaingia. Kibao kikasimamishwa kando ya barabara, jina lako kama mwenye jengo, jina lake kama msanifu. Nilikikumbatia kile kibao nikapigwa picha. Nilikutumia, na wewe ukanijibu kwa mioyo mitatu.

Sasa nikuambie tulivyojua ulichofanya. Jumatatu ya wiki iliyopita Ngatia alipita kwa Kalpesh, yule wa duka la simiti na vyuma, kununua rangi ya mlango wetu. Kalpesh akamwita mbele ya wateja wote.

"Bwana msanifu! Hongera bwana, kutoka nne umepanda tano! Lakini vyuma umeagiza kidogo sana. Hiyo ya tano utashikilia na maombi?"

Ngatia alidhani ni mzaha wake wa kila siku. Kalpesh akamwekea oda juu ya kaunta, imeandikwa kwa mkono wa Nderitu, foremani wako, na ukurasa wa michoro umebanwa nyuma yake.

Ukurasa huo nimeushika mwenyewe. Ni fotokopi ya ghorofa ya nne. Neno "nne" limefutwa kwa rangi nyeupe ya kufutia, na juu yake limeandikwa "tano" kwa kalamu ya wino. Chini kabisa, bila kuguswa, uko muhuri wa mume wangu.

Usiniambie ni Nderitu aliyejituma. Tulimkuta Skuta amekaa juu ya mfuko wa simiti anakula ndizi, na hakuficha kitu. "Mimi natumwa tu, mkubwa," alisema. "Tata wenu amesema moja zaidi haiwezi kulemea. Ati huko kwake wanajenga thelathini na hakuna anayekufa."

Thelathini! Msingi wako ulichimbwa kwa ajili ya nne, Tata. Mhandisi alihesabu nguzo za nne. Wewe unataka kupandisha juu yake kuta za nyumba nne zaidi, vitanda vyake, watu wake na matangi yao ya maji, ili upate kodi nne zaidi kila mwezi. Na pale chini watalala akina nani? Watu wa hapa hapa, wanaouza sokoni, walimu, labda hata sisi. Siku nguzo itakapopasuka hakuna atakayekuja Tacoma kukuuliza. Watasoma kibao. Watamfuata mwenye muhuri, watamnyang'anya, na huenda wakamfunga. Mwenye muhuri ni yule anayenipashia viatu joto.

Ngatia alikupigia Alhamisi. Nilikuwa karibu, nilimsikia akikuita Tata mara tisa kwa heshima. Ulimwambia hujawahi kuona barua yoyote ya harusini, na hapo ulisema kweli. Aliponitazama nikasema labda umesahau. Nilikufanya mwongo wakati mwongo ni mimi. Kwa hilo moja naomba unisamehe, na ni hilo moja tu.

Kwa sababu Jumamosi ulimpigia Baba. Sijui kama uliambiwa simu ilikuwa kwenye spika. Mimi nilikuwa pale nikichambua maharagwe, na nilisikia kila neno. Ulisema Ngatia anakusumbua kwa habari za ada, basi ada yake ikatwe kwenye wale mbuzi thelathini waliobaki. Wahesabiwe kwamba wamefika. Daftari lifungwe, na kusiwe na mtu anayemdai mwenzake.

Tata, maharagwe yaliniponyoka mkononi.

Umenipima na ngazi ya saruji. Upande mmoja mimi, upande wa pili madirisha yako na vyoo vyako vya Skuta, ukaona tunalingana. Mbuzi hao si wako. Ni wa Baba na Mama na wa mbari yetu. Na hawakupangwa kuja siku moja kwa sababu ndivyo watu wa Ngatia watakavyoendelea kuja kwetu mwaka baada ya mwaka, wanywe uji, wakae, wajue nyumba iliyomlea mke wao. Wewe mwenyewe ulilitetea hilo ukiwa kwenye chupa ya chai. Sasa ungezifuta safari zote hizo kwa sababu hutaki kumlipa kijana kazi yake. Sijui nitaacha lini kuyasikia maneno hayo nikichambua maharagwe.

Baba unamjua, si mtu wa maneno. Alikusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Monicah, mbuzi wa mtoto wangu hawajengi nyumba Skuta," akakata simu, akaenda kumwangalia ndama. Tangu siku hiyo, akiombea chakula, anataja ndugu zake wote kwa majina. Akimaliza Wacera, anakuruka wewe.

Jumapili baada ya ibada nilishindwa kuibeba siri ile. Nilimletea Ngatia boksi la viatu, nikalifungua mbele yake. Aliitazama bahasha yake. Akaigeuza mkononi mpaka chai ikafanya utando. Kisha akaniuliza, "Na hivyo viatu, vilikuwa vinakubana?" Nikasema ndiyo, sana. Akasema, "Haki yako." Nilicheka na kulia kwa pamoja, lakini yeye hakucheka. Jumatatu viatu vyangu vilikuwa baridi. Jumanne pia. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa sakafu ya jikoni asubuhi mbili hizo. Jana, Jumatano, nilivikuta karibu na jiko. Nilivivaa vikiwa na joto hata kabla sijanawa uso.

Jana hiyo hiyo tulienda Skuta. Ngatia alipanda kwenye kibao na lile kopo la rangi ya mlango wetu, ya kijani, akafuta jina lake. Mimi nilimshikia ngazi. Hakuharakisha. Nderitu na mafundi walisimama kutazama, na hakuna aliyetania. Halafu tukaenda pamoja ofisi za kaunti. Akapeleka barua ya kujiondoa na ule ukurasa uliofutwa, vikapokelewa na kugongwa muhuri. Nakala nyingine amempa mhandisi. Mafundi wameweka vifaa chini tangu jana saa saba. Nderitu akikutumia picha, utaona mraba wa kijani palipokuwa na jina. Ujue ni mlango wangu huo.

Najua utasema nimemgeuza mume dhidi ya ukoo. Sema. Ulinifundisha wewe kwamba mwanamke asimame na aliyemchagua, ulinifundisha ukinifunga shela.

Pamoja na barua hii kuna bahasha ya kaki. Ndiyo ile ile, bado inanuka ngozi ya viatu. Nilimwambia Ngatia aandike upya na akutoze ada kamili bila huruma. Alikataa. Alisema alishatia sahihi kwa nusu, na aliyechelewesha bahasha ni mimi, wewe hukuwa na kosa hapo. Huyo ndiye mtu uliyemfananisha na mgeni anayetaka chumba. Alichoongeza ni mstari mmoja tu: ghorofa ni nne. Ukitia sahihi na kurudisha nakala moja kabla ya mwisho wa Septemba, atarudi kaunti, atarudi kwenye kibao, na jengo lako litaendelea. Usipofanya hivyo, michoro ni yake. Utamtafuta msanifu mwingine, naye pia atakupa karatasi kabla ya kushika penseli.

Baba ametia sahihi kama shahidi. Hatukumwomba. Alikuja kwetu asubuhi hii na kalamu ya bluu, ile ya ruracio, akauliza mahali pa shahidi ni wapi. Ametuma pia nakala ya ule ukurasa wa daftari. Utaona majina yote, na mwisho Mama aliandika: Monicah, kwa simu.

Nisalimie Anko Ben, mwambie nilimsikia akicheka. Nisalimie Munene sana, yeye hana kosa. Shiro umpokee vizuri, hajui alichobeba, na umpikie kitu cha nyumbani. Mama na Tata Wacera wanakusalimu. Baba hajaniambia nikusalimu, lakini alikuja na kalamu, na wewe unamjua kuliko mimi.

Mungu akuponye mgongo, akulinde kwenye barabara za huko, na akurudishie akili uliyokuwa nayo Novemba.

Mahali pako ni chini ya ukurasa wa nne, palipo na nukta. Kalamu haiumi, Tata.

Ni mimi, niliyekukasirikia na ambaye bado anakupenda,
Watiri wa Ngatia.